Mpira Alioufunga Mama Yako

Mkonze,
Jumamosi, saa tisa alasiri

Binti yangu Nyemo,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali tunalala chini ya paa moja. Najua utacheka. Utasema, "Baba naye! Si ungeniambia tu mezani?" Ningeweza, mama. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umefunga sanduku. Sisi wa shule za misheni tulifundishwa kwamba neno zito huandikwa kwanza, likasomwa kwa sauti ya chini, likasahihishwa, ndipo likatolewa. Kwa bahati mbaya maneno yangu mengi yamebaki kwenye kusahihishwa.

Umekwenda Chimwaga kuagana na wenzako uliosoma nao, na umesema utarudi jua likitua. Umekwenda kwa bajaji. Ulisema hutaki kuichosha pikipiki kabla ya safari ya kesho, lakini nimekutazama tangu siku ile ulipoanguka: unaizunguka kama mtu anavyomzunguka mbwa asiyemwamini. Ndiyo maana nimeketi hapa barazani na karatasi. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Wewe ni mkunga. Hayo utawafundisha watu wa huko Haneti unakokwenda kufanya kazi, na mimi ungenifundisha pia kama ningekuwa msikivu. Nataka kukuandikia juu ya pikipiki unayoondoka nayo, na juu ya jambo nililolificha ndani yake.

Siku ile ulirudi ukiisukuma. Goti lilikuwa limechubuka, suruali imechanika, na tangi lina mkwaruzo mrefu. Kabla sijafungua kinywa ulisema, "Baba, nisamehe. Nimekuharibia pikipiki. Pale kwenye mteremko wa kichanga niliachia mafuta, lakini nadhani mkono wangu ulichelewa." Nami nikajibu, "Si neno, mwanangu, utazoea." Nikakusamehe! Nimekaa na msamaha ule majuma matatu, kama mtu aliyepokea kifurushi chenye jina la mwingine na hana ujasiri wa kukirudisha.

Mkono wako haukuchelewa. Injini ile ilikuwa ikivuta hewa mahali isipotakiwa kuvuta. Injini ya namna hiyo, ukiachia mafuta, haishuki papo hapo. Hubaki juu kwa muda, ikakusukuma mbele wakati wewe unataka kusimama. Na pikipiki ikiwa imesimama, silensa yake, yaani mngurumo wa injini bila kugusa mafuta, haitulii. Inapanda, inashuka, inataka kuzima, inapanda tena. Mwaka jana uliniuliza kwa nini mngurumo wake unayumba hivyo ukiwa hujagusa mafuta, nikakujibu, "Ni uzee, kama mimi." Ukacheka, ukaondoka. Haukuwa uzee. Sababu nilikuwa naijua, na mahali ilipo ningeweza kupagusa nikiwa nimefumba macho.

Ili upate kunielewa, sina budi kurudi Haneti, katika mwaka wa mwisho kabla sijastaafu ualimu. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa imebaki na watu wawili tu, mimi na mama yako, na hiyo pikipiki ilikuwa kama mtoto wetu aliyebaki nyumbani. Jumapili tulikuwa tukienda nayo vijiji vya mbali kusali na watu wasio na mchungaji. Mama yako alikaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja umeshika kitabu cha nyimbo na mwingine umeshika shati langu mgongoni. Hakunishika kiunoni mbele za watu. Tukishapita nyumba ya mwisho, ndipo mkono ulihama.

Kesho utaingia nchi ile, nawe unaijua, ila uliijua ukiwa mtoto anayebebwa. Mtu mzima anayeendesha chombo huko ana wajibu mmoja usioandikwa kwenye leseni. Hampiti mzee njiani. Unasimama. Unasema "Mbukwenyi," naye anaitikia, kisha anaanza taratibu: habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za yule mtoto aliyekuwa na kikohozi mwaka juzi. Ukizima injini, anadhani umefika na atakutafutia kigoda. Ukiiacha inanguruma kwa upole, anajua u safarini, atakusalimu kikamilifu lakini hatakuchelewesha. Kwa hiyo silensa nzuri kule kwetu ni sehemu ya adabu. Pikipiki isiyoweza kusimama ikanguruma taratibu inamfanya mwenye nayo aonekane hakulelewa.

Mwaka ule, pikipiki yangu ilikosa adabu.

Ilianza mwishoni mwa masika. Nilisimama kumsalimu mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya korongo. Hata hajamaliza kuuliza habari za mvua, injini ikaanza kuyumba kutaka kuzima, nami kwa haraka nikazungusha mafuta. Ikaunguruma juu ya maneno yake. Akaanza tena, nami nikazungusha tena. Mara ya tatu mzee akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, nenda tu. Huyu uliyempanda ana haraka kuliko wewe." Mama yako alicheka mpaka kitabu cha nyimbo kikaanguka. Mimi sikucheka. Niliona aibu njia nzima.

Basi nikaanza kuitafuta sababu kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Niliimwaga petroli yote na kuichuja kwa kitambaa, nikakuta mchanga kidogo nikafurahi, lakini ugonjwa haukupona. Nilifungua plagi, ilikuwa na rangi ya majivu meupe, rangi ya injini inayopata hewa nyingi kuliko petroli. Niliandika hilo daftarini kwa mwandiko mzuri, kisha sikujiuliza hewa hiyo inatoka wapi. Nilikung'uta chujio la hewa likatoa vumbi la nusu wilaya. Nilizungusha usukani kushoto na kulia huku injini inawaka, maana kebo ya mafuta ikikaza, mngurumo hubadilika kwa kugeuza usukani tu, lakini haukubadilika. Nikafungua kabureta. Nilikitoa kile kijibomba chembamba kinachopitisha petroli ya silensa, nikakielekeza juani, nikaona mwanga upande wa pili. Nikakisafisha hata hivyo. Juma lililofuata nikakisafisha tena.

Fundi Hamisi, yule Mrangi aliyekuwa na kibanda karibu na mnada, alinipitia siku moja nikiwa nimetandaza vipande vyote juu ya gazeti.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo mtihani wa somo gani?"

"Marahaba. Nasafisha kabureta."

"Tena? Mwalimu, kabureta hiyo sasa safi kuliko sahani za kwangu. Bado kuifunga tai tu iende darasani."

Mama yako alikuwa kwenye kigoda akipepeta uwele. Hamisi alipokwisha kuondoka, niliunganisha kila kitu, nikawasha. Ikayumba vilevile. Mama yako akausimamisha ungo.

"Mwalimu," alisema, "inapumua pembeni."

"Nini?"

"Hiyo injini yako. Haivuti kwa pua yake peke yake. Kuna mahali pamepasuka, inaiba upepo. Sikiliza: sss, halafu inakohoa. Mvukuto wa baba ulikuwa hivyo hivyo ngozi ikipasuka. Moto unapanda, moto unashuka, na wewe huku unavukuta mpaka mabega yanakufa."

Nami nikasema neno ambalo nimekuwa nikilisahihisha kwa miaka tisa bila kupata namna ya kulifuta. Nilisema, "Mama Nyemo, hii ni injini. Si mvukuto wa baba yako."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya." Akarudi kwenye uwele wake.

Huenda hujui uzito wa neno langu, kwa sababu babu yako mfua chuma alifariki ukiwa bado mdogo. Yeye alifua majembe na vyembe vya mishale kwa springi za magari mabovu. Mvukuto wake ulikuwa wa ngozi mbili za mbuzi, na aliyeuvukuta tangu akiwa na miaka saba ni mama yako, kwa kuwa kaka zake walikuwa machungani. Aliujua kwa masikio. Ngozi ikitoboka alipaka maji kwa unyoya wa kuku mahali anapopashuku, akaona maji yanapovutwa, akafunga kwa ukanda wa ngozi mbichi, kwa fundo la watu wa kiwandani kwao, lisilolegea kwa joto. Babu alipofariki, ukoo ulikubaliana kwamba mvukuto apewe yeye, binti. Jambo hilo halikuwa la kawaida, ilikuwa heshima. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu jeusi. Nikasema kwa upole mwingi, mbele za wajomba zako, kwamba nyumba ya mwalimu haina nafasi ya ngozi za mbuzi.

Siku ile pia alisema, "Haya."

Nimefundisha watoto kwa miaka thelathini na sita, Nyemo, nami nilikuwa hodari wa kutambua mtoto aliyeelewa na mtoto aliyenyamaza tu. Kwa mama yako sikuwahi kutambua. Nilidhani "haya" yake ni kukubali.

Baada ya kumjibu vile, nilichukua bisibisi nikaikaza skrubu ya silensa. Ukiikaza, pikipiki ikiwa imesimama injini huzunguka kwa kasi zaidi, na ile kasi hufunika kuyumba. Nikaikaza mpaka ikanguruma mfululizo. Nikafuta mikono. "Umeona?" nikamwambia. "Imetulia."

"Haijatulia," alisema bila kuinua kichwa. "Inapiga kelele."

Jumatatu ile niliitwa mjini kwenye semina ya walimu wakuu, nikaenda kwa basi, nikakaa siku tatu. Niliporudi na kuiwasha, nilisikia ajabu: ilikuwa inanguruma sawasawa, ila juu mno. Nikailegeza skrubu kidogo. Ikashuka, ikatulia. Nikalegeza tena. Ikatulia kabisa, ikawa inasema taratibu kama mtu anayesoma moyoni. Nilijisifu, mwanangu. Niliamini uchafu uliobaki kwenye kabureta umejitoa wenyewe kwa sababu ya usafishaji wangu. Nikaipeleka hadi kibandani kwa Hamisi, mama yako nyuma na kikapu chake.

"Hamisi, sikiliza hiyo silensa."

"Aisee! Umefanyaje, Mwalimu?"

"Utaratibu, ndugu yangu. Hatua kwa hatua."

Hamisi akamtazama mama yako. Mama yako, uso mkavu kabisa, akasema, "Mwalimu ana mikono." Na Hamisi akacheka kupita kiasi cha jambo lenyewe, akajifanya anakohoa, akaingia ndani ya kibanda.

Ile miaka minne iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko ujana wangu. Nilistaafu, tukahamia hapa Mkonze, lakini kila mwezi tulirudi Haneti kuangalia shamba. Tulisimama kwa kila mzee. Mama yako alikuwa akinipiga begani kwa kidole, mara moja, maana yake "simama, yule pale ni shemeji ya fulani." Injini inanguruma chini yetu kwa upole, salamu zinakwenda mpaka mwisho wake, hakuna anayepaza sauti. Wakati wa kurudi, jua likiwa upande wa kulia na vumbi limegeuka rangi ya karanga zilizokaangwa, alikuwa akisinzia. Nilikuwa naujua usingizi wake kwa namna kichwa kilivyogusa mgongo wangu, kikajiondoa, kikagusa tena, kikabaki. Hapo nilikuwa napunguza mwendo. Tulichelewa sana kufika nyumbani miaka ile, na nilikuwa nikikuambia kwenye simu kwamba barabara ni mbaya. Lami ilikuwa imekwisha kuwekwa, binti yangu. Barabara ilikuwa nzuri kabisa.

Juu ya ugonjwa wake wa siku tisa sitaandika. Ulikuwapo, ulimshika mkono.

Mwaka mmoja baada ya kumzika, silensa ilianza kuyumba tena. Sikuwa na moyo wa daftari. Nilivua tangi tu, nikainama na miwani yangu kutazama ule mpira mnene unaounganisha kabureta na injini, ambapo sikuwahi kupatazama hata siku moja katika utaratibu wangu wote. Nikaona umefungwa. Ulikuwa umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, umekazwa sawasawa kama bandeji ya mtu anayejua kufunga bandeji. Na mwisho wake, upande wa chini ambapo mtu hawezi kuona asipoinama, palikuwa na fundo. Nililijua fundo lile. Nililiona kwenye ngozi za mbuzi siku ya msiba wa babu yako, nilipokuwa nikieleza kwamba nyumba yangu haina nafasi.

Nilimpigia Hamisi simu. Baada ya salamu nikamwuliza. Akasema, "Mwalimu, mama alikuja mwenyewe wakati uko semina. Aliniomba bisibisi na kipande cha tyubu, na unyoya wa kuku alikuja nao. Nikamwambia, mama, niache mimi nikufungie. Akasema, la, wewe simamia hapo uone tu kama ninaharibu. Hakuharibu. Akaniapisha nisikuambie."

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Alisema, 'Mwache afurahi. Ameisafisha sana.'"

Niliketi chini pale uani. Mama yako alikuwa sahihi, akaitengeneza, akanipa mimi sifa, akapanda nyuma yangu miaka minne juu ya fundo lake mwenyewe bila kunikumbusha. Nami sikuwa na mtu wa kumwambia, "Niwie radhi, Mama Nyemo, ilikuwa inapumua pembeni."

Sasa nakuja kwenye kosa lenyewe. Ukanda wa tyubu hauishi milele karibu na joto na petroli. Ulikuwa umeanza kuchakaa, na hewa imepata njia tena. Kesho yake nilinunua mpira mpya mjini. Kazi ya nusu saa. Nikarudi, nikainama, nikashika fundo, nikashindwa. Kila alichotengeneza mama yako kwa mikono yake kilikuwa kimeliwa, kimevaliwa au kimechakaa. Hicho ndicho kilichokuwa bado kinafanya kazi. Nikauweka mpira mpya kwenye droo ya vitabu vya nyimbo. Kisha nikachukua bisibisi na kukaza skrubu ya silensa, kwa mara ya pili katika maisha yangu, ili nisisikie.

Imekaa hivyo miaka minne. Nikakufundisha kuiendesha hivyo. Nikakupa ufunguo hivyo. Ukaanguka hivyo, ukaniomba radhi, nami nikaipokea. Na kesho ningekuacha uende nayo vijijini, kwenye njia za kichanga zinazoshuka makorongoni, pengine na mama mwenye uchungu amekaa nyuma yako. Nilitafakari juu ya huyo mama wiki nzima. Simjui, lakini nimemwona wazi kuliko ninavyoona karatasi hii.

Naweka kalamu chini. Jua bado liko juu, nawe hujarudi. Acha niende uani kabla sijalisahihisha na hili.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na moja na robo. Utaniwia radhi kwa alama ya kidole pembeni mwa karatasi. Nimenawa mara mbili lakini petroli ina ukaidi wake.

Fundo lilikataa kwa dakika nyingi. Nilikuwa na kisu mfukoni. Sikukitumia. Nilikwenda kwenye kikapu cha mama yako cha kufumia vitambaa, nikachukua ile sindano yake yenye ndoano, nikalichokoa taratibu mpaka likakubali. Mizunguko ilikuwa kumi na moja. Chini yake mpira wa zamani umepasuka mahali pawili, na ufa mmoja ni mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Nimeweka mpira mpya, nimekaza vibano vyake pande zote mbili. Nikawasha, nikaiacha ipate joto, maana ukirekebisha silensa injini ikiwa baridi unajidanganya. Ndipo nikailegeza skrubu, kidogo, kidogo, karibu mizunguko miwili. Mama yako angesema nilikuwa nimekaza kwa hasira.

Nikachovya unyoya wa kuku majini, nikapaka kuzunguka mpira mpya. Haikubadilika. Haikukohoa. Nikazungusha mafuta, nikaachia: ikashuka papo hapo. Nikarudia mara tano, kwa ajili yako. Kisha nikasimama tu. Imekuwa ya upole kiasi kwamba nilimsikia jirani akimwuliza mkewe chumvi iko wapi.

Sina mahubiri, na ningekuwa nayo nisingestahili kuyatoa. Ila huko uendako watakuja kwako akina mama wasiojua kusoma, watakuambia jambo juu ya miili yao kwa maneno ya mbuzi, ya mashamba, ya vyungu. "Nesi, tumbo linapumua pembeni." Mimi ningewasahihisha. Nakusihi katika hilo usinifuate. Inama kwanza upatazame mahali wanapopaonyesha. Na akikuambia mtu "haya," mwulize tena.

Ukanda wa mama yako uko hapa mezani. Nimejaribu kuunyoosha ili niuweke ndani ya bahasha pamoja na barua hii, lakini kila nikiuachia unajikunja tena katika umbo la kile ulichokuwa umekishika. Kwa hiyo hautaingia kwenye bahasha. Uchukue kama unavyotaka kukaa. Ukipasukiwa na mpira mahali pasipo na duka, utafaa tena. Na fundo Hamisi analikumbuka, kibanda chake bado kipo karibu na mnada. Umsalimu. Mwambie Mwalimu amekubali.

Kama baada ya kusoma haya huiamini tena pikipiki, au huniamini mimi, iache hapa uende kwa basi. Sitasema neno wala kununa. Na lile "nisamehe" lako la siku ya goti nakurudishia, maana halikuwa langu kulipokea. Lililo langu ni hili: nisamehe, Nyemo.

Lakini ukienda nayo, nina ombi moja. Asubuhi nitakuwa langoni, na miye sasa ni mzee aliye kando ya njia. Simama. Usiizime, nisije nikadhani umefika nikakutafutia kigoda. Iache inanguruma hivyo hivyo, na unisalimu mpaka mwisho: habari za nyumbani, za mvua, za yule mtoto mwenye kikohozi. Nitakujibu zote. Hatutahitaji kupaza sauti.

Ni mimi, baba yako,
ambaye safari hii hakusahihisha.